IST inazima ikishapata moto, haiwaki mpaka ipoe. Nshabadilisha pampu na bado

fuoni_paje:
Asalaam alaykum wana gari. Nnaomba msaada maana miye nshachoka na mfuko ushachoka zaidi.

Gari ni IST ya 2004, injini 1NZ ile ya 1500, nnayo mwaka wa tatu sasa. Nnakaa Fuoni na kazi yangu iko Paje kwahiyo kila siku ni kwenda na kurudi, na tuko watu wanne tunachangia mafuta. Asubuhi gari haina neno kabisa, naipiga stata mara moja tu ishashika. Mgogoro ni mchana wakati wa kurudi. Naondoka Paje vizuri, Kitogani napita, nikifika pale Jozani kwenye yale matuta ambapo lazima uende polepole kwa ajili ya kima, gari inazima. Haikohoi, haitetemeki, inazima tu kama mtu kaja kafunga swichi. Usukani unakuwa mzito, naiburura mpaka pembeni.

Hapo piga stata weye mpaka mkono ukuume. Stata inazungusha vizuri, betri nzima, lakini haishiki hata kidogo. Tukikaa dakika 35, 40 hivi, nakwenda napiga tena, inashika kama hakikutokea kitu na inanifikisha nyumbani. Juzi bi mmoja tunaerudi nae kavua khanga yake moja akawa anaipepea injini na boneti limefunguliwa, na kima punju juu ya mti wanatuangalia, watalii wakawa wanatupiga picha sisi badala ya kima. Nimecheka lakini moyoni naungua.

Sasa nilivofanya mpaka leo. Fundi wa kwanza kaniambia plagi, nikaweka nne mpya. Wapi. Akasema injini inachemka, akatoa thamostati (ile inayozuia maji mpaka injini ipate moto) akaitupa. Geji ya joto hata siku moja haikupanda na maji hayapungui, lakini kaitoa. Fundi wa pili alikuja mpaka njiani siku moja gari imezima, akaweka sikio kwenye tangi huku miye napiga stata, akasema "pampu haiimbi, pampu imekufa". Nikanunua pampu ya mtumba laki moja na ishirini pamoja na ufundi. Siku mbili ikaenda vizuri (kulikuwa na mvua siku hizo) siku ya tatu palepale Jozani ikazima. Nikaenda kupima kwa kompyuta, jamaa kachomeka mashine kasema haina kosa lolote, nikamlipa na pesa yake. Taa ya injini haiwaki.

Sasa fundi wa tatu anasema tubadilishe kompyuta ya gari. Kabla sijauza mbuzi nimeona niulize hapa kwanza.

kirikuu_wa_mahonda:
Pole yakhe. Hiyo gasketi ya hedi hiyo, ile inayoziba kichwa cha injini, mimi yangu ilianza hivohivo. Fungua hedi uipeleke ikakatwe usawa umalize kazi.

fuoni_paje:
Ahsante kaka lakini maji hayapungui, moshi mweupe hamna, oili safi haijageuka maziwa. Na ikishapoa inakwenda na nguvu zake zote. Gasketi inaweza kuwa hivo?

kirikuu_wa_mahonda:
Mmh. Yangu ilikuwa inakunywa maji. Basi sijui.

mzee_landrova:
Wanangu mimi nimeendesha Land Rover za kabureta miaka mingi, mchana wa jua kali petroli inachemka ndani ya bomba inakuwa mvuke, pampu inavuta hewa tupu, gari inazima mpaka ipoe. Dawa yetu ilikuwa tambara bichi tunalifunga kwenye pampu na bomba la mafuta, dakika tano tushaondoka. Hiyo ndo dalili yenyewe ya kijana huyu. Ajaribu tambara.

ami_wa_wete:
Mzee landrova heshima yako, nimelifunga sana hilo tambara, lakini Land Rover ile pampu ilikuwa imeshika kwenye injini inavuta mafuta kutoka mbali. IST pampu yake imo ndani ya tangi imezama kwenye petroli yenyewe na inasukuma kwa presha kama ya baa 3, petroli iliyobanwa hivo haichemki ovyo kwenye bomba. Kwahiyo tambara lako tutalitumia lakini sio kwenye bomba, nakuja huko.

Sasa weye wa Fuoni. Umesema maneno mawili ambayo mafundi wako wote watatu hawakuyasikiliza. La kwanza umesema inazima kama mtu kafunga swichi. Gari inayokosa mafuta haifi hivo, inakufa kama mtu anaekabwa, inavuta inaacha, inakohoa, nguvu zinaondoka kidogo kidogo alafu ndo inazima. Inayokatika ghafla mara nyingi ni umeme. La pili umesema stata inazungusha kwa mwendo wake wa kawaida. Ingekuwa injini imechemka imebana, stata ingelia kwa tabu.

Alafu hiyo habari ya pampu haiimbi. Hapa ndo mafundi wengi wanaingia shimoni, na mimi niliwahi kuingia humohumo na gari ya mtu hapa Wete nikamnunulisha pampu, mpaka leo nikimuona sokoni nnapita njia nyingine. Kwenye hizi Toyota pampu haiwashwi na swichi. Inawashwa na kompyuta kupitia rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), na kompyuta haikubali kuwasha pampu mpaka ione injini inazunguka. Itaona kwa jicho gani? Kwa sensa ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Iko kwa chini karibu na puli kubwa ya krenki, inaangalia bamba lenye meno 34. Meno yangekuwa 36 lakini yametolewa mawili makusudi, pale penye pengo ndo kompyuta inajua krenki imefika wapi. Sasa sensa ikinyamaza, kompyuta inaamini injini imesimama hata kama weye unapiga stata mpaka jioni. Haitoi moto wa plagi, haifungui nozeli zinazopuliza petroli, na pampu haiwashi. Vyote vitatu kwa mpigo. Fundi akija anasikiliza tangi, kimya, anakwambia pampu imekufa. Pampu haijafa, haijaambiwa ifanye kazi.

Na kwanini ikiwa na moto tu? Ndani ya ile sensa mna waya mwembamba kama unywele umezungushwa mara nyingi sana. Ukishachoka unapata ufa mahali, injini ikipoa ncha zinagusana gari inakwenda, ikipata moto plastiki inatanuka ncha zinaachana. Ikipoa zinarudi. Kwahiyo mpaka uje uifikishe gereji imeshapona, na ndo maana yule wa kompyuta hakuona kitu. Ulimpelekea gari ikiwa baridi ati?

Na pale Jozani kwenye matuta unakwenda polepole, upepo hauingii kwenye injini, joto lote linabaki chini ya boneti. Wala si kima wamekuloga.

Lakini sikwambii kanunue sensa. Usinunue kitu. Ushanunua vya kutosha. Nakwambia kapime siku imezima, palepale, ikiwa bado ina moto, usingoje ipoe. Gari ikipoa ushahidi umeondoka.

Tafuta kile kidude cha bluutuuthi kinachomekwa chini ya usukani kinasoma kwenye simu, bei yake ndogo kuliko hiyo pampu. Ikizima, kichomeke, fungua ukurasa wa mzunguko wa injini, mtu mmoja apige stata na weye uangalie simu. Stata ikizungusha injini inatakiwa isome 200 na kitu hivi. Ikisoma sifuri na huku unasikia injini inazunguka kwa masikio yako, basi kompyuta haiioni krenki. Ikisoma 200 na kitu, sensa haina kosa, na mimi nitakuomba radhi tuanze upya na koili (zinazotengeneza moto wa plagi) na rilei.

spana14:
Nakubaliana na ami ila ongezeni moto wa plagi. 1NZ ina koili nne, kila plagi na yake. Chomoa koili moja, iwekee plagi ya zamani (umesema umebadilisha zote nne zile za zamani unazo bado?), gusisha chuma cha plagi kwenye bodi ya injini, mtu apige stata. Jua likiwa kali hutaiona cheche, ziba jua na mkono. Usiishike plagi yenyewe tu. Na zile waya za nozeli chomoa kwanza, hutaki petroli imwagike kwenye silinda na cheche iko nje.

Hizo koili nne ndo sababu nyengine sidhani kama ni koili. Ikifa moja gari inatetemeka inakwenda na silinda tatu, haizimi moja kwa moja. Nne zife saa moja halafu zifufuke saa moja, labda ndotoni.

mama_vitz:
Samahanini mimi si fundi lakini Vitz yangu ilikuwa inafanya hivi nikienda dukani tu, nazima dakika kumi nnanunua vitu nikirudi haiwaki, nikikaa nusu saa inawaka. Sio mwendo mrefu. Ni ugonjwa huuhuu? Maana kwetu sisi tulisema labda jini wa Mwanakwerekwe.

ami_wa_wete:
Dada yangu ukizima gari feni inasimama na maji hayazunguki, lakini chuma cha injini bado kina moto mkali na hakina pa kuupeleka, kwahiyo dakika kumi za mwanzo kule ndani chini ya boneti ni joto zaidi kuliko ulipokuwa unaendesha. Sensa iliyochoka ndo inapochokea hapo. Inaweza kuwa huuhuu, pima vilevile kabla hujanunua. Jini mwache.

fuoni_paje:
Ami nimekusoma yote mara tatu. Kweli nilimpelekea gari asubuhi ikiwa baridi 🤦. Kidude cha bluutuuthi nimeazima kwa mtu hapa kazini. Sasa tangu nimekipata gari haizimi! Siku ya pili leo. Inajua.

spana14:
😂 Zote ziko hivo. Funga vioo washa eesii pita matuta polepole utaiona.

fuoni_paje:
Wana gari nimerudi. Alhamisi mchana imezima, sio Jozani, imezima Bungi, na nilifurahi nikapiga makofi ndani ya gari wenzangu wakadhani nimerukwa na akili.

Nimechomeka kidude. Joto la maji linasoma 91 kwahiyo haikuchemka kabisa. Bi yule wa khanga nikampa ufunguo apige stata, mzunguko wa injini kwenye simu SIFURI. Injini nnaisikia inazunguka ruu ruu ruu na simu inasema sifuri. Nikamwambia apige tena, sifuri. Moto wa plagi hamna, nimejaribu alivosema spana14 nikiwa nimefunika na mkeka wa gari.

Alafu nikakumbuka maneno ya fundi wa pili nikataka kuhakikisha pampu. Kijana mmoja wa bodaboda pale anajua jua mambo akaniunganishia kiwaya kwenye soketi ya rilei, pampu ikaimba safi kabisa. Tukapiga stata pampu ikiwa inaimba, bado haishiki. Kwahiyo pampu nzima toka mwanzo, ami ulisema kweli.

Sasa tambara la mzee landrova. Nilikuwa na chupa mbili za maji ya baridi kutoka kazini kwenye kibokisi cha barafu. Nikalala chini (kanzu yangu ya kazini ishakuwa ya gereji) nikaitafuta ile sensa kwa chini upande wa mikanda, nikaona kijiti cheusi kimeshikwa na boliti moja kina koneta, na kimejaa oili na mchanga kama kaimati iliyoungua. Nikachovya tambara nikalibandika pale, nikalichovya tena, nikamwagia taratibu, kama dakika nne hivi. Nikamwambia bi piga. Simu ikaruka ikasoma 230 gari IKASHIKA. Dakika nne badala ya arubaini! Wallahi watu wa Bungi walikuja kuangalia kuna nini.

mzee_landrova:
Nilisema tambara.

ami_wa_wete:
Ulisema mzee. Mahali tu ndo palikuwa pengine 😂

Hongera kijana. Sasa kabla ya kununua, jambo moja. Hiyo oili iliyojaa pale inatoka wapi? Na koneta, umeichomoa ukaiangalia? Maana wakati mwengine sensa nzima ila koneta imelegea au waya umechubuka umegusa chuma, na ukimwagia maji ukautingisha utadhani umeponya sensa kumbe umeutingisha waya. Chukua mita ya umeme, weka kwenye ommu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima miguu miwili ya sensa ikiwa baridi alafu ikiwa na moto. Sensa hizi zinasoma elfu moja na kitu au elfu mbili na kitu inategemea na toleo, na zikipata moto zinapanda kidogo, hiyo kawaida. Ikiruka ikaandika OL ndo imekatika ndani.

fuoni_paje:
Nimeitoa jana, ami. Baridi imesoma 1,740. Nikaitia ndani ya kifuko cha nailoni nikaikalisha kwenye maji ya chai yaliyochemka, mke wangu kaniangalia hakusema kitu, na mita imeshika miguu. Ikapanda 1,900, 2,050, alafu OL. Nikaitoa nikaipuliza, ikakaa OL kama dakika sita, ikarudi 1,900. Koneta safi, waya nimeufuata mpaka juu hauna mchubuko.

Oili inatoka kwenye kava ya cheni, inavuja kidogo, si nyingi.

Sensa nimeagizia Dar, jamaa kanichukulia Kariakoo ikaja na boti jioni ileile. Nimechukua mpya sio mtumba, nimeona sensa ya mtumba ya miaka ishirini itakuwa nnanunua ugonjwa uleule wa mtu mwengine.

spana14:
Umefanya la maana. Ukifunga hakikisha imeingia mpaka mwisho na ule mpira wake wa duara uwe mpya upake oili kidogo, pasafishe kwanza mchanga usiingie, na boliti usiikaze kwa hasira, pale ni alumini. Waya urudishe kwenye vishikizo vyake usiguse mkanda.

Na thamostati rudisha bwana. Hii injini thamostati inafunguka kwenye 82 hivi, bila yake injini inachelewa kupata moto, mafuta yanaliwa bure na kompyuta kila siku inadhani ni asubuhi. Huku kwetu watu wanaitoa kama vile ni taka iliyosahauliwa na Mjapani.

kirikuu_wa_mahonda:
Na mimi kumbe nilitoa yangu 😬

fuoni_paje:
Thamostati nimenunua pamoja na sensa, spana14, nitaweka Jumapili.

Sasa ni wiki ya pili na nusu. Nimepita Jozani polepole, nimepita Jozani mchana wa saa saba na eesii, Ijumaa nikasimama makusudi Kitogani dakika kumi na tano kununua madafu injini ikiwa na moto, nikarudi nikapiga, ikashika mara moja. Mama_vitz jaribu na weye.

Kuna moja tu limebaki. Nilikwenda kwa yule fundi wa pili nikamwambia ile pampu yangu ya zamani uliyoitoa ilikuwa nzima, nipe niiweke stoo. Akanyamaza. Akasema kaifunga kwenye Vitz ya mtu iliyokuwa inazima ikipata moto. Nikamuuliza, na imepona? Akasema siku mbili za mwanzo ilikwenda vizuri.

mama_vitz:
Hiyo Vitz ya bluu?